Kupanda Juu na Kushuka Chini: Historia ya Vitenzi vya Mwinuko katika Kiswahili cha Moshi

Mkazi wa Majengo, mjini Moshi, mwenye safari ya Kibosho, Old Moshi au Marangu husema kwamba anapanda juu. Aliyeko Kibosho mwenye haja ya kwenda sokoni mjini husema kwamba anashuka chini. Walimu wa lugha wamezoea kuyapigia mstari maneno juu na chini katika tungo za namna hii, kwa hoja kwamba kitenzi panda kimekwisha beba maana ya juu, na shuka kimekwisha beba maana ya chini. Makala haya yanafuatilia historia ya vitenzi hivyo na kubainisha kwamba hukumu hiyo, ingawa ni ya haki katika baadhi ya matumizi, haiyahusu matumizi ya Moshi.

Hoja ya uziada ina msingi wake katika muundo wa lugha. Kiingereza huunda vitenzi vyake vingi vya mwendo kwa kuunganisha kitenzi cha jumla na neno dogo la mwelekeo, kama go up na come down. Mwaka 1985 Leonard Talmy alieleza tofauti baina ya lugha ziwekazo mwelekeo katika neno la pembeni, kama Kiingereza, na lugha ziuwekao ndani ya mzizi wa kitenzi. Kwa vitenzi vya mwinuko, Kiswahili kimo katika kundi la pili. Panda, kwea, paa na paramia, kwa upande mmoja, na shuka, teremka na poromoka, kwa upande wa pili, havihitaji neno la kuvielekeza. Kwa mtazamo huo, panda juu huonekana kama Kiingereza kilichovikwa kanzu.

Hata hivyo, visawe hivi havikuwa sawa tangu hapo. Kwea ni kitenzi cha mnazi: aliyeishi kwa kuangua nazi aliitwa mkwezi. Paa ni cha ndege na moshi, vyenye kwenda juu pasipo kukanyaga kitu. Paramia hudokeza pupa au kukosa utaratibu. Panda ndicho kilichoenea kuliko vyote: mtu hupanda mti, farasi, chombo, gari na cheo. Kuenea huko kulikuwa na gharama yake. Kadiri kitenzi kilivyochukua maana ya kuingia katika chombo cha safari, ndivyo fahamu ya mwinuko ilivyopungua ndani yake. Anayepanda daladala hapandi kilima, na anayeshuka kituoni huweza kushukia mahali palipo juu zaidi ya alikopandia.

Mazingira yaliyoilea lugha hii yana sehemu katika jambo hili. Watu wa pwani waliutaja upande kwa pepo za bahari: kaskazini hutokana na kaskazi, na kusini hutokana na kusi. Safari za nchi kavu zilipimwa kwa bara na pwani. Johannes Rebmann alipouona mlima Kilimanjaro mwezi Mei 1848, aliongozwa na Bwana Kheri, mtu wa misafara kutoka pwani; kwa misafara kama hiyo Kiswahili kilifika mlimani. Baadaye mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulikichagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 ikaendeleza kazi hiyo. Kwa hiyo usanifu ulipata msingi wake katika kisiwa kisicho na mlima, ambako juu ni kilele cha mnazi, dari au anga. Huko juu haikuwa nchi inayokaliwa na watu.

Katika Kilimanjaro, juu ni nchi. Historia ya jina la Moshi lenyewe inalithibitisha jambo hili. Moshi ya kwanza ilikuwa mlimani, katika himaya ya Mangi Rindi na mwanawe Meli, ambako Wajerumani walijenga boma lao. Reli kutoka Tanga ilipofika mwanzoni mwa miaka ya 1910, ilikomea katika nchi ya chini, na mji mpya ukakua penye kituo. Jina likashuka pamoja na mji, na makao ya zamani yakabaki kuitwa Old Moshi. Tangu hapo watu wengi wamekuwa na kihamba juu na shughuli chini, na safari baina ya pande hizo mbili imekuwa sehemu ya maisha yao.

Sarufi inaunga mkono historia hiyo. Wenyeji husema “juu kuna baridi” na “chini kumekauka”. Maneno hayo hutawala upatanisho wa mahali kama nomino, tena hufuatana na kionyeshi: “huko juu”. Katika “amepanda juu”, neno juu hukaa mahali ambapo Kibosho ingekaa, nalo hujibu swali “amepanda wapi?” Linataja kikomo cha safari, wala halirudii mwelekeo. Tena linaondoa utata. Kwenye kituo cha magari, “amepanda” pekee huweza kumaanisha kwamba ameingia garini. “Amepanda juu” humaanisha kwamba amekwenda mlimani. Katika nchi ya kahawa, ambako panda nyingine ni kuweka mche ardhini, faida ya neno hilo huongezeka.

Mpaka wa hoja hii uwekwe wazi. “Bei imepanda juu” ni uziada halisi, kwa kuwa hakuna mahali panapotajwa. Kinyume chake, mtoto aliye mtini anayeambiwa “shuka chini” anaelekezwa ardhini, nako ni mahali. Kipimo basi ni kimoja: je, neno hilo linaweza kujibu swali “wapi?”

Usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961, Alexander Nyirenda alifika kileleni mwa Kibo, akauweka mwenge na kuipandisha bendera ya Tanganyika. Kilele hicho, ambacho Hans Meyer alikipa jina la mfalme wa Ujerumani mwaka 1889, kikaitwa Uhuru. Tangu siku hiyo juu ya Kilimanjaro imekuwa mahali katika fikra za taifa zima. Mwanafunzi wa Majengo aandikapo kwamba babu yake amepanda juu, anataja mahali hapo panapokaliwa na watu wake. Kabla ya kumkata alama, msahihishaji anapaswa kwanza kuuliza: juu wapi?