Kilo Zisizoandikwa

Chai ilifika Rungwe mwaka 1904, Wajerumani walipoipanda Kyimbila, jirani na Tukuyu. Viwanda vilipokuja, vilikuja na daftari: kilo zilizoingia, kilo zilizotoka. Majani mabichi kilo 4 hadi 5 hutoa kilo 1 tu ya chai kavu. Zinazopungua si taka. Karibu zote ni maji, yanayotoka majani yakinyaushwa na kukaushwa.

Taka zenyewe ni chache: nyuzi za vikonyo na vumbi linalobaki kwenye chekeche, na majivu ya kuni za mikaratusi. Nyuzi huozeshwa zikawa mboji, majivu yakarudi shambani. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 ikaja kuwataka wenye viwanda wajibu kuhusu taka zao na wakaguliwe. Taka nazo zikawa jambo la kuandika.

Mimi, nikisoma hesabu hizo, hutafuta kilo nyingine. Nikiwa mtoto nilimsindikiza mama kwenye banda la kupimia majani. Siku moja lori halikuja hadi usiku. Asubuhi majani yalikuwa yameshika joto na kuwa mekundu, karani akayakataa. Mama aliyamwaga chini ya migomba, akakung'uta kapu, tukarudi nyumbani bila senti.

Kwa kiwanda, hesabu ilianzia getini. Kilo za mama hazikuingia, kwa hiyo hazikupotea. Ndiyo maana nikiambiwa kiwanda fulani hakipotezi kitu, huuliza kwanza: mmeanza kupima wapi?