Kuchemsha Hakutoshi

Nyumbani kwetu Muyinga mama ana sheria moja: maji hayanywewi mpaka yachemke. Nilikuja nayo Gitega chuoni bila kuihoji. Historia ya mwani wa bluu-kijani ndiyo iliyonionyesha mpaka wake.

Mwani huu kwa kweli ni bakteria. Hustawi katika maji ya joto yaliyotulia na yenye rutuba nyingi. Baadhi yake hutengeneza sumu inayodhuru ini, na kuchemsha hakuiondoi.

Mwaka 1979, katika kisiwa cha Palm, Australia, bwawa la maji ya kunywa liliota mwani, likatiwa mrututu ili kuuua. Siku chache baadaye watu 148, wengi wao watoto, waliugua. Wataalamu walieleza kwamba seli zilizokufa zilipasuka na kumwaga sumu majini. Mwaka 1996, huko Caruaru, Brazil, wagonjwa wa figo zaidi ya 50 walifariki baada ya damu yao kusafishwa kwa maji yenye sumu kama hiyo. Mwaka 1998 Shirika la Afya Duniani liliweka kikomo cha mikrosistini, sumu inayojulikana zaidi: mikrogramu 1 kwa lita.

Funzo kubwa ni utaratibu. Kwanza mwani huondolewa ukiwa mzima: shabu huugandisha, hutuama, kisha mchanga huchuja. Sumu iliyokwisha kutoka nje ya seli hunaswa na makaa maalumu. Klorini huja mwisho. Ikitangulia, huweza kupasua seli, na kosa la Palm likarudi.

Sisi watu wa milimani yatuhusu nini? Ruvyironza huingia Ruvubu, Ruvubu hupita upande wa Muyinga na kuingia Kagera, na Kagera humwagika katika Ziwa Viktoria. Katika ghuba za Winam na Mwanza watafiti wamekuta sumu hii. Mvua inapobeba udongo na mbolea yetu, inalisha ziwa ambalo wengine wanakunywa.

Likizo iliyopita nilimweleza mama. Akaniuliza, "Kwa hiyo tuache kuchemsha?" Nikamjibu hapana, mama, kuchemsha kunaua vijidudu vya kipindupindu. Ila maji ya mwani tusiyachote kabisa. Kesho yake tulichukua majembe, tukazibua mfereji wa kuzuia mmomonyoko, uliokuwa umejaa udongo chini ya shamba letu.