Kabla ya Mimba: Historia ya Pengo katika Sheria ya Kazi ya Uganda

Makala haya yanachunguza swali moja: sheria ya kazi ya Uganda huanza kumlinda lini mwanamke anayetafuta mtoto? Jibu lina mizizi ya kihistoria, nayo yaonekana vyema tukianzia kilima cha Old Kampala, ambako Kapteni Frederick Lugard alijenga ngome yake Desemba 1890.

Mwaka 1897 Albert Cook alianzisha hospitali ya misheni ya Mengo, katika kilima jirani cha Namirembe. Mwanzoni mwa karne ya 20 madaktari na maafisa wa kikoloni waliingiwa na hofu kwamba idadi ya Waganda inapungua, wakailaumu kaswende. Hofu hiyo ilizaa kampeni za tiba na mafunzo ya wakunga. Hivyo utasa uliingia katika kumbukumbu za dola kama tatizo la idadi ya watu na nguvukazi, wala si kama haja ya mfanyakazi mwenyewe.

Baada ya uhuru sheria zilibadilika, lakini jicho lake lilibaki kwenye mimba iliyokwisha kutungwa. Ibara ya 40 ya Katiba ya 1995 inamtaka mwajiri amlinde mfanyakazi mwanamke wakati wa ujauzito na baada ya kujifungua. Sheria ya Ajira ya 2006 ilimpa likizo ya uzazi ya siku 60 za kazi, ikapiga marufuku kumwachisha kazi kwa sababu ya ujauzito. Ilhali miaka miwili kabla, mwaka 2004, mtoto wa kwanza aliyetungwa nje ya mwili nchini Uganda alikuwa amekwisha kuzaliwa, kwa huduma ya kliniki ya Bukoto, Kampala. Tiba iliitangulia sheria.

Pengo hilo lina gharama. Mgonjwa hudungwa sindano za homoni kwa takriban siku 10 hadi 14, hupimwa mara kwa mara, huvunwa mayai, kisha hupandikizwa kiinitete. Muda wote huo kisheria hana mimba. Kifungu cha malipo ya ugonjwa humhusu asiyeweza kufanya kazi. Yeye anaweza, ila anahitaji saa za asubuhi kwa daktari. Akitumia likizo ya mwaka, siku zake 21 huweza kumalizwa na mizunguko miwili. Akiomba ruhusa, hulazimika kufichua siri ambayo jamii huiambatanisha na aibu.

Mahakama ya Haki ya Ulaya ilikabiliwa na suala hili katika kesi ya Mayr, kutoka Austria, Februari 2008. Iliamua kwamba kinga ya mjamzito haianzi kabla ya kiinitete kupandikizwa. Lakini kumfukuza mwanamke hasa kwa sababu ya tiba hiyo ni ubaguzi wa kijinsia. Njia hiyo iko wazi Uganda pia, kwani Sheria ya 2006 inakataza ubaguzi wa jinsia kazini.

Muswada binafsi wa Mbunge Sarah Opendi wa 2023 umelenga kusimamia kliniki, wachangiaji na uzazi wa mbadala. Kusimamia tiba bila kumlinda anayetibiwa ni kurudia mtazamo wa zamani. Tunapendekeza mambo matatu: ruhusa fupi yenye malipo kwa tiba ya uzazi, kwa wanawake na wanaume, cheti cha daktari kisichotaja aina ya tiba, na marufuku ya wazi ya kumwachisha mtu kazi kwa sababu hiyo.