Kichwa na Kiuno

Wako wasemao ya kwamba wazee wetu wa Ufipa hawakuyafikiri mambo ya nafsi. Sivyo. Mtaalamu Roy Willis, aliyekaa Ufipa miaka ya 1960, aliandika kwamba Wafipa waliweka akili kichwani, na hisia na tamaa kiunoni. Waebrania wa kale nao walizitaja figo pamoja na moyo. Ndiyo maana katika Yeremia 17:10 twasoma habari za moyo na viuno. Wamisri waliweka mawazo na hisia zote moyoni: ubongo wa maiti waliutupa, moyo wakauacha mahali pake. Basi, wazee wakitaja viungo vya mwili wanenapo juu ya hasira au huruma, tusiwacheke. Tuyaandike maneno yao, wasije wakazikwa nayo.