Uundaji Upya wa Nembo katika Sinema: Samurai na Kauboi

Uundaji upya katika sinema ni tendo la filamu kuchukua nembo ya utamaduni, au kanuni za utanzu uliokwisha kuzoeleka, na kuzipa mahali, wakati na maana nyingine. Nembo ya utamaduni ni mhusika anayetambulika kwa mavazi, silaha na mwenendo kabla hajatamka neno. Utanzu ni fungu la filamu zenye mandhari, migogoro na hitimisho za namna moja. Nembo huweza kuhama utanzu, na utanzu nao huweza kuhama nchi. Filamu za samurai wa Japani na za kauboi wa Marekani, tangu miaka ya 1950, zimepitia namna nne za uhamaji huo.

Namna ya kwanza ni marudio ya wazi. Katika Seven Samurai ya Akira Kurosawa (1954), wakulima wanaoporwa mavuno na wanyang'anyi huajiri mashujaa saba. Mwaka 1960 John Sturges alikihamishia kisa hicho Mexico katika The Magnificent Seven. Mifupa ya kisa ilibaki palepale: wanne hufa, watatu hunusurika, na kiongozi hukiri kwamba walioshinda ni wakulima. Kilichogeuka ni sheria ya jamii. Kwa Kurosawa tabaka halivukiki kwa urahisi. Kikuchiyo, mtoto wa mkulima anayejifanya samurai, huthibitisha usamurai wake kwa kufa. Kijana Katsushiro humpenda Shino, binti wa mkulima, lakini vita vinapokwisha binti huyo humpita na kwenda kupandikiza mpunga. Sturges aliwaunganisha Kikuchiyo na Katsushiro katika mhusika mmoja, Chico, ambaye huvua bastola na kubaki kijijini na mpenzi wake. Ni utatuzi wa Kimarekani kabisa: mtu huchagua hali yake, na ulimwengu humruhusu.

Malipo na silaha hupambanua filamu hizo mbili kwa kina zaidi kuliko mavazi. Samurai hupigania wali, chakula ambacho wakulima wenyewe hawakili, na hivyo kazi yao hubaki suala la heshima na njaa. Wapiga bastola wa Sturges hupewa dola 20 kila mmoja, ujira mdogo lakini wa mkataba. Samurai wanne wote huuawa kwa risasi za magobori, kwa maana bunduki ndiyo chombo kinachoangamiza tabaka lao na ustadi wao wa upanga. Kauboi naye akifa kwa risasi, huwa amekufa kwa silaha iliyomfanya awe kauboi. Kifo kilekile, kwa idadi ileile, kimebeba maana mbili zisizofanana, na hapa ndipo ulinganishaji wa filamu unapothibitisha thamani yake.

Namna ya pili ni unyakuzi, yaani marudio bila idhini. Katika Yojimbo ya Kurosawa (1961), samurai asiye na bwana huingia katika mji uliogawanywa na makundi mawili ya wahalifu na kuyachonganisha mpaka yaangamizane. Sergio Leone aliigeuza kuwa A Fistful of Dollars (1964), iliyopigwa Hispania, ikiwa na Clint Eastwood na muziki wa Ennio Morricone. Kampuni ya Toho, iliyotoa Yojimbo, ilidai haki yake, na shauri likaisha kwa mapatano yaliyompa Kurosawa fungu la mapato. Hata hivyo Leone hakunakili tu. Adui wa Yojimbo hubeba bastola, kitu kigeni kati ya panga. Kwa kuwa katika filamu ya kauboi bastola si ajabu, adui wa Leone hupewa bunduki ndefu ya Winchester, na shujaa hujikinga kwa bamba la chuma chini ya poncho. Kauboi mwadilifu wa Hollywood alitoka humo akiwa mtu wa fedha na kimya. Last Man Standing ya Walter Hill (1996), marudio mengine ya Yojimbo yaliyomtaja Kurosawa waziwazi, ilibadili mahali na mavazi pekee, na kwa sababu hiyo ni dhaifu.

Namna ya tatu ni upandikizaji: kanuni za utanzu mgeni huoteshwa ndani ya utanzu wa nyumbani. Mfano mkuu ni Sholay ya Ramesh Sippy (1975), iliyopigwa kwenye majabali ya Ramanagara kusini mwa India. Mashujaa saba wamekuwa wawili, Jai na Veeru, na kando ya farasi na risasi kuna nyimbo, vichekesho na udugu wa kufa na kuzikana. Wanyang'anyi wa Kurosawa karibu hawana sura. Gabbar Singh, mnyang'anyi wa Sholay aliyeigizwa na Amjad Khan, amekuwa nembo kamili, huenda kuliko mashujaa wenyewe. Ukuta wa kijamii nao umerudi kwa umbo la Kihindi: Jai anampenda Radha, mjane, na anakufa kabla ya ndoa.

Namna ya nne, iliyo adimu kuliko zote, ni marejeo. Unforgiven ya Eastwood (1992), iliyotabarukiwa Leone na Don Siegel, ilimvua kauboi utukufu wake na kumwonyesha kama muuaji aliyezeeka. Mwaka 2013 Lee Sang-il aliirudia kwa Kijapani, Ken Watanabe akiwa samurai wa utawala ulioanguka, aliyejificha Hokkaido mwanzoni mwa enzi ya Meiji na kuoa mwanamke wa Kiainu.