Kipisi cha Bondeni

Mwaka 1971 reli ya Tanzania na Zambia ilifika Mlimba, katika bonde la Kilombero, kilomita 502 kutoka Dar es Salaam. Wachina na vijana wetu walikuwa wameitandika chini ya milima ya Udzungwa, karakana yao kubwa ikiwa Mang'ula. Mama yangu, Mndamba wa Chita, alikuwa tayari mtu mzima. Alinisimulia kwamba kabla ya hapo, masika yakishakolea, mwenye homa kali alisubiri maji ya mafuriko yapungue au alisubiri mauti.

Julai 1976 reli yote, kilomita 1,860 hadi Kapiri Mposhi, ilikabidhiwa kwa Tanzania na Zambia. Inasifiwa kwa shaba iliyobeba na kwa ukombozi wa Kusini mwa Afrika, na sifa hizo ni haki yake. Sisi tuliipenda kwa sababu ya kipisi, treni fupi iliyosimama kwenye vistesheni vya bondeni. Mchele wa mama ulipanda humo, na chumvi, mafuta ya taa na sare za shule zikashuka. Aliyepewa rufaa kwenda Mtakatifu Fransisko, hospitali iliyoanzishwa na wamisionari Wakapuchini pale Ifakara, alilazwa kwenye benchi la daraja la tatu, ndugu yake amesimama akishikilia chupa ya dripu.

Tukazoea. Vijiji vilikwishapangwa kando ya njia, mashamba yakafuata, na barabara ikaachiwa tope. Uhai wa bonde zima ukaning'inia kwenye njia moja.

Oktoba 1979 makomandoo wa Rhodesia walilipua daraja la Chambeshi, mbali huko Zambia, na mizigo ya reli nzima ikavurugika. Daraja lilijengwa upya. Uchakavu ndio uliotuumiza zaidi, maana huja polepole na hakuna anayeutangaza. Injini za kwanza zilizidiwa na mpando wa Mlimba kwenda Makambako. Miaka ikapita, vipuri vikaadimika, mabehewa yakapungua. Mizigo iliyofikia takriban tani milioni 1.27 mwaka 1977/78 ilishuka hadi kama tani 88,000 mwaka 2014/15. Wachumi waliililia shaba. Mimi namfikiria mjamzito aliyeshikwa na uchungu usiku, zahanati imekwisha kumwandikia rufaa, na treni ya asubuhi inageuka ya jioni.

Mwaka 2025 ulitiwa saini mkataba wa miaka 30 na kampuni ya Kichina, wa dola bilioni 1.4, kuifufua reli hii. Nimeupokea kwa furaha ya kweli. Nawasihi wanaousimamia: pamoja na tani za shaba, hesabuni abiria wa Chita, Mngeta na Mbingu. Wekeni treni ya kusimama huko, yenye behewa linaloingiza machela. Na serikali ihakikishe barabara ya Ifakara hadi Mlimba inapitika masika na kiangazi, ili siku reli ikikatika mgonjwa awe na njia ya pili.