Kwa Nini Haondoki?

Kwa miaka mingi nami nilikuwa miongoni mwa wanaouliza swali hili barazani: mwanamke anapigwa na mumewe kila mwisho wa mwezi, mlango u wazi, na kwao anakujua. Kwa nini haondoki? Tuliuliza kwa kejeli, na jibu tulikuwa nalo: amezoea.

Wataalamu nao waliwahi kujibu karibu hivyo hivyo.

Mwaka 1948, Neal Miller wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, alieleza jaribio lake la panya. Aliwapiga umeme katika chumba cheupe, wakakimbilia cheusi. Baadaye umeme ukakatwa na mlango ukafungwa, lakini panya kadhaa wakajifunza kuzungusha kigurudumu ili ufunguke. Umeme haukuwapo tena. Walichokuwa wakikimbia ni hofu yenyewe.

Mwaka 1967 wakaja Martin Seligman na Steven Maier, huko Pennsylvania, na mbwa wao. Kundi moja liliweza kuukata umeme kwa kusukuma kibao kwa kichwa. Kundi la pili lilipata umeme ule ule, kwa muda ule ule, ila lolote walilofanya halikusaidia. Kesho yake wote wakatiwa katika sanduku lenye kizuizi kifupi, cha kuruka tu. Wale wa kwanza wakaruka. Wa kundi la pili, wengi walilala chini wakigumia. (Nakiri kwamba niliposoma habari hii niliwahurumia mbwa wale kuliko nilivyopata kumhurumia jirani yangu.) Wataalamu wakasema: wamejifunza kukata tamaa. Mwaka 1979 Lenore Walker akalichukua wazo hilo kuwaelezea wanawake wanaopigwa.

Kumbe walikuwa wameshika kinyume. Mwaka 2016 Maier na Seligman, wazee sasa, waliandika wenyewe hivyo. Maier alikuwa ametumia miaka mingi kuchunguza ubongo wa panya. Kulala chini hakufundishwi na mtu; ubongo unaoteswa kwa muda mrefu huanguka humo wenyewe, pale fungu la seli katika shina la ubongo linapomwaga kemikali iitwayo serotonini. Kinachofundishwa ni kutoka. Sehemu ya mbele ya ubongo ikishagundua kwamba kitendo fulani kimeleta nafuu, hulizima fungu lile, na kinga hiyo hubaki hata kwa mateso mengine yajayo.

Na mbwa wale? Kuitwa hakukuwainua, wala chakula kilichowekwa ng'ambo. Ilibidi wavutwe kwa kamba, huku na huku, mara nyingi, mpaka miguu yao yenyewe ikaonja kwamba kuvuka kunaukata umeme.

Binadamu si mbwa, la hasha. Mwanamke ana watoto, ana nauli ya kutafuta, ana wazazi waliokwisha kula mahari. Jirani yangu alianza na upatu wa wanawake wenzake sokoni, akauza vitumbua, akashika fedha ambayo mumewe hakuijua. Ilimchukua karibu mwaka mzima. Siku alipoondoka na wanawe tulikuwa pale pale barazani, tukibishana habari za mpira.